Habari za Maji Mafupi ya Ziwani, na Likizo ya Watoto



Waalimu wengine wakaao bara, mbali na maji, wametuuliza neno moja mara nyingi: shule zikifungwa, na jamaa wakitaka kuwaleta watoto ziwani kwa siku mbili tatu, ni wapi yalipo maji mafupi ambayo mtoto aweza kusimama ndani yake, akainamisha uso, akapiga mbizi kidogo na kuona samaki, wazazi wasikae kwa hofu mchana kutwa? Swali hili twaliona ni jema. Tukakata shauri tusilijibu kwa maneno ya kusikia, bali tuende tukatafute wenyewe. Basi katika likizo ya mwezi wa sita tulifuatana na nyumba tatu, wazazi sita na watoto kumi na mmoja, mkubwa wao wa miaka kumi na minne, mdogo wa miaka mitano. Na haya ndiyo tuliyoyaona na kuyapima.

Kwanza yafaa kusema kidogo juu ya ziwa lenyewe, maana watu hulisifu pasipo kulijua. Wenyeji waliliita Nyanza zamani sana, kabla ya Mwingereza Speke kusimama juu ya kilima karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, na kulipa jina la malkia wake. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 68,800 hivi, hata mtu akisimama ufukoni kuelekea kaskazini aona maji na mbingu tu. Lakini kina chake hakilingani na ukubwa wake. Pale penye kina kuliko pote ni meta 80 na kidogo, ambapo Ziwa Tanganyika lashuka karibu meta 1,470. Twaweza kusema kwamba Tanganyika ni kisima, na ziwa letu ni sinia. Maneno hayo yamfaa mchora ramani, lakini kwa mzazi si kitu, kwa kuwa mtoto hazami katika meta 80. Huzama katika meta moja na nusu, hatua kumi kutoka pale alipoacha viatu vyake.

Tena ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari. Ndugu zetu wa Tanga na Mafia na Unguja wana saa yao: bahari ikipwa, maji mafupi hujionyesha yenyewe, na watoto huenda kwa miguu hata penye matumbawe. Sisi hatuna saa hiyo. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa miaka. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 lilipanda zaidi ya meta mbili hata kufika mwaka 1964. Mwezi wa Mei 2020 likakifikia kimo kile na kukipita kidogo, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Mahali pengi ambapo babu alikuwa akicheza mchangani sasa pana samaki, na visiki vya miti na misingi ya kuta i chini ya maji. Basi mtu akikuambia, "Pale ni salama, nalioga pale nilipokuwa mtoto," mshukuru, kisha nenda ukapime.

Kabla ya kuondoka palitokea shauri kati yetu. Mama mmoja, mwalimu wa darasa la pili, alimpoteza kaka yake katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza, wakafa watu mamia kwa mamia. Tangu siku ile hapana mtoto wa nyumba yake aliyeruhusiwa kugusa ziwa kupita kisigino. Alikuja nasi kwa sababu watoto walimlilia, lakini alisema mbele ya wote, "Mimi nitakaa juu ya jiwe, na wangu watakaa nami." Hakuna aliyemlaumu. Baba mmoja akamjibu kwa upole kwamba kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 huko Ukara, kilikuwa kimekwisha kulikaribia gati, watu wa nchi kavu wakikitazama, na hata hivyo walikufa watu 228. Akasema, "Mama, ukaribu wa nchi kavu haumsaidii asiyejua maji." Mama akanyamaza.

Sisi twaona kila mmoja alisema kweli. Mtoto azuiliwaye maji na wazazi hazuiliwi siku aendapo na wenzake kuchota au kuvua. Ataingia, wala hatakuwapo mtu mzima wa kumshika mkono. Lakini mtoto apelekwaye majini na wazazi wasiopajua mahali amepelekwa hatarini kwa furaha. Kwa hiyo kazi yote ni katika kupajua mahali.

Tulianza mjini, maana ndipo wageni washukapo. Jiwe la Bismarck, lile lisimamalo majini kama mzee aliyeshika kichwa, kila mtu hulitazama na kupiga picha, na hapo yatosha. Vivuko hupita karibu, mafuta huelea, na mvua ikinyesha mitaro huteremsha uchafu wa milimani mpaka ziwani. Tukavuka kwa mashua kwenda Saanane, kisiwa kilichopewa jina la mzee aliyekaa huko zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Watoto walifurahi mno kuwaona pimbi wakiota jua juu ya mawe. Lakini huko tulikwenda kutembea, si kuoga.

Kutoka mjini tulielekea kusini kandokando ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Nyegezi, na hapo ndipo tulipotoa chombo chetu cha kupimia. Twawasihi waalimu wakifanye na wao, hata kama wana bwawa tu karibu na shule. Ni sahani nyeupe ya bati, ile ya kulia chakula, iliyotobolewa matundu matatu kandokando na kufungiwa kamba, na jiwe limefungwa chini ili izame sawasawa. Kamba ina fundo kila nusu meta. Sahani huteremshwa polepole upande wa kivuli, na mtu huitazama mpaka ipotee machoni, kisha huhesabu mafundo. Njia hii hatukuibuni sisi. Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma aliyekuwa bingwa wa elimu ya nyota, aliteremsha sahani za namna hii katika bahari ya Mediteranea kutoka merikebu ya Papa, na hata leo wapimaji wa maji duniani kote hutumia sahani hiyo na kuiita kwa jina lake.

Hapo Nyegezi sahani yetu ilipotea kabla ya fundo la pili. Maji yalikuwa ya kijani kama mlenda. Udongo wa mashamba na uchafu wa miji huingia ghubani, mwani hushiba na kuongezeka, na mwanga haushuki. Ukingo wenyewe ulikuwa mzuri, mteremko wa taratibu, na watoto walikwisha kuvua viatu, lakini tuliwakataza. Maana maji ambayo sahani nyeupe hupotea kabla ya meta moja, mtoto mweusi hupotea mapema zaidi, na wazazi wote sita waweza kusimama hapo hapo wasimwone. Hii ndiyo kanuni yetu ya kwanza, nayo yapita uzuri wa mchanga na kivuli cha miti. Kwanza tazama kama waiona chini yake.

Wataalamu waliochunguza samaki wa ghuba hii wamepima kwa sahani iyo hiyo, na hesabu yao yaonyesha njia kwa yeyote atafutaye maji meupe. Katika kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya ghuba, sahani hupotea kwa nusu meta hivi. Kissenda na Visiwa vya Python, mbele kidogo, hukaribia meta moja. Lakini Makobe, nje, kuelekea maji ya wazi, hupita meta mbili. Yaani kadiri uendavyo kaskazini na kuuacha mfuko wa ghuba nyuma, ndivyo ziwa linavyofungua macho. Basi tukageuka.

Siku ya pili tulichukua gari mapema, tukaupita uwanja wa ndege, mpaka mwalo wa Igombe. Mgeni na ajue kwamba mwalo ni mahali pa wavuvi pa kupakulia samaki, na kwamba hakuna mahali pengine penye elimu ya maji kama hapo. Wanawake walikuwa wakianika dagaa, mitumbwi ya usiku ilikuwa imerudi na taa zake. Tulimkuta mzee mmoja ameketi akishona wavu. Tukamwamkia, "Mwangaluka," naye akaitikia, akauliza haja yetu. Tulipomwambia twatafuta maji mafupi ya watoto alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, ziwa halina kina kimoja. Mawe haya utayaona yanaingia majini kama ngazi, kumbe ngazi yenyewe imevunjika vidato." Akauweka wavu chini, akatwaa upondo wake, akatuambia tumfuate.

Twasema kweli, saa moja ya kumfuata mzee yule ilitufundisha kuliko vitabu. Mahali pa kwanza tulipopapenda palikuwa na mchanga mweupe na mafunjo pembeni. Akatuonyesha njia iliyokanyagwa ndani ya mafunjo, pana na laini kama ya gogo lililoburutwa: njia ya kiboko, atokaye usiku kula majani na kurudi alfajiri. Mahali pa pili palikuwa mdomo wa kijito. Akatikisa kichwa tu. Maji ya matope, samaki wengi, na mamba hupenda apendapo samaki. Mahali pa tatu palikuwa na gugu maji limejikusanya, mmea ule wa maua ya zambarau ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980; chini yake huwezi kuona kitu, na konokono hushikamana na mizizi yake. Tulipofika mahali pa nne aliingia majini mwenyewe, akachoma upondo mbele yake hatua kwa hatua, kulia na kushoto, kama kipofu aingiaye nyumba ngeni. Kisha akasema, "Hapa."

Palikuwa hori dogo, mikono miwili ya mawe ikilikumbatia, na mawimbi yakivunjika nje. Chini mchanga mgumu, unaoshuka kidogo kidogo kwa mwendo wa hatua ishirini na tano. Penye mwisho wa mawe, chini hushuka ghafula, naye akapachomeka mti wenye kitambaa chekundu. Sahani ilipotea baada ya fundo la tatu, yaani meta moja na nusu na zaidi, na hapo kati ya mawe maji hayakufika hata meta moja.

Waalimu, lipo jambo moja la elimu ya mwanga lililo na faida kubwa hapa, nalo laweza kufundishwa kwa kijiti na ndoo. Maji hudanganya macho. Mtu atazamaye kutoka juu huona chini pako karibu kuliko palivyo, kwa kadiri ya robo moja: maji ya futi nne humwonekania futi tatu. Mtoto mwenye kimo cha futi nne aonaye "maji ya kifuani" ataingia, naye atamezwa mpaka utosini. Ndiyo sababu jicho halitoshi, lazima upondo. Na katika nchi hii ya mawe liko jambo jingine. Vijana hupenda kupanda juu ya jiwe na kuchupa kichwa mbele. Mawe ya Mwanza hayaishii ufukoni, yaendelea chini ya maji yakiwa yamelala kila namna, na shingo haijui kama jiwe lile ni la juzi au la zamani. Tuliwakataza wote, hata yule wa miaka kumi na minne aliyenung'unika mchana kutwa. Kupiga mbizi katika maji mafupi ni kuinama, kuvuta pumzi, na kulala juu ya maji kama jani, macho yakitazama chini. Zaidi ya hayo si mbizi ya watoto.

Saa pia huchaguliwa. Mapema mno, viboko hawajarudi majini wote. Kuanzia saa nne asubuhi jua likipanda, wale wadudu wa kichocho tutakaowataja chini huwa wengi majini mpaka saa nane. Alasiri upepo wa ziwani huja, maji huchafuka na mawimbi huingia. Kwa hiyo saa njema ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, maji yakiwa yametulia kama kioo. Lakini asubuhi hiyo upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, tena ni wa polepole, haumwonyeshi mtu nguvu zake. Mtoto aliyeshika mpira wa gari uliojazwa upepo atachukuliwa nje akicheka. Tuliikataa mipira yote. Tulikodi majaketi okozi kwa wadogo wanne, na kamba ndefu tuliifunga jiwe hata jiwe ili iwe mpaka. Kila mzazi alipewa watoto wawili kwa majina. Na wale wasiopata mzazi walisubiri mchangani zamu yao. Maji yasipite kitovu cha aliye mfupi kuliko wote: hiyo ilikuwa sheria, wala haikuwa na rufani.

Tulikuwa na miwani ya majini mitatu tu, ya kupokezana. Mtoto wa kwanza aliinama, akakaa kitambo, akainuka na maji yakimtiririka puani, akapiga kelele, "Wako wengi!" Kuanzia hapo hapakuwa na haja ya kumshurutisha mtu.

Wengi wao walikuwa furu. Hapo zamani watu wa Mwanza walikula furu kila siku, wala hawakumhesabia kuwa kitu. Kumbe katika ziwa hili zilikuwako aina zaidi ya 500 za furu, nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Sangara, aliyeletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, alipozidi katika miaka ya 1980 aina zipatazo 200 zilitoweka. Waliosalia vema ni wale wa mawe, ambao wavuvi huwaita mbipi, kwa kuwa sangara kwa ukubwa wake hawezi kuingia penye nyufa. Kwa hiyo maji haya mafupi ya mawe, yasiyomfaa mvuvi mwenye wavu, yamekuwa boma la samaki hawa wadogo.

Tulimwona mmoja wa rangi ya samawati iliyokolea, mwenye milia myeusi ubavuni, akilinda jiwe lake na kuwafukuza wenzake kama mwenye shamba. Tukadhani ndiye yule ambaye wataalamu wamemwandika kwa Kiswahili chetu, Pundamilia pundamilia. Anaye jamaa yake mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na huyo mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Lakini mwekundu hukaa chini zaidi penye mwanga mchache, nasi hatukumfuata. Majike ya aina zote mbili yana rangi ya udongo tu, nayo huchagua mume kwa kuitazama rangi yake. Makobe, penye maji meupe, aina hizi mbili hukaa mbali mbali, kila moja na kabila lake. Luanso, penye maji ya matope, jike haoni samawati wala nyekundu, na aina hizo zimechanganyika hata hazitengeki. Twawaombeni waalimu wawasimulie watoto habari hii wanapofundisha juu ya kulima kwa matuta milimani, kwa maana udongo uliochukuliwa na mvua shambani ndio unaofunika macho ya samaki huko chini.

Na jike huyo wa rangi ya udongo ana jambo la ajabu kuliko uzuri wa mume. Akitaga mayai huyaweka kinywani mwake. Huko huanguliwa, na watoto wadogo hukaa mle mpaka wapate nguvu. Huwatoa katika maji mafupi wacheze, na akiona hatari hufungua kinywa nao huingia ndani tena. Tuliwasimulia watoto jioni, na mmoja akauliza, "Na akitaka kula?" Jibu ni kwamba katika siku zile hali kitu, au hula kidogo sana.

Basi yule mama wa darasa la pili alikuwa amekaa juu ya jiwe na wanawe wawili, kama alivyosema. Tulimpa kazi ya kushika kamba ya sahani na kupima kila baada ya nusu saa, maana miguu ya watoto hutibua mchanga, na maji yaliyokuwa meupe saa mbili huenda yakafifia saa tatu. Aliifanya kazi hiyo kwa ukali. Mara ya pili alipoona sahani imepotea kabla ya fundo la pili aliwatoa watoto wote majini, wa kwake na wa wenzake, mpaka mchanga utue. Mara ya tatu ilimpasa ashuke kutoka jiweni ili aione vizuri, maji yakamfika magotini. Bintiye akamfuata akishika kanga yake. Hapana mtu aliyesema neno. Wakasimama hapo wawili, mama akitazama sahani na mtoto akitazama miguu yake mwenyewe ndani ya maji, jinsi ilivyoonekana mifupi.

Sasa inatupasa kusema juu ya kichocho, na hili wazazi wasilisome haraka. Ukingo wote wa Ziwa Nyanza una kichocho, hasa kile cha tumbo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa ugonjwa huu huko Cairo mwaka 1851. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kijidudu humwingia konokono mdogo. Baada ya wiki kadhaa wadudu wengine wadogo mno hutoka kwa konokono yule, wengi wao wakati wa jua kali, huogelea wakimtafuta mtu, na huingia katika ngozi kwa dakika chache tu. Huenda ngozi ikawasha, huenda isiwashe. Minyoo hukaa katika mishipa ya matumbo kwa miaka, na mayai yake hulijeruhi ini, hata wengine huja kutapika damu wakiwa watu wazima. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza yawajua wagonjwa hao.

Watu husema, "Penye mchanga safi na mawimbi hapana kichocho." Twapenda ingekuwa hivyo. Ni kweli kwamba penye majani na maji yaliyolala konokono huwa wengi, na penye watu wajisaidiao ufukoni hatari huzidi. Lakini katika ziwa letu iko aina ya konokono wa kichocho akaaye pia mbali na majani, chini kabisa penye mchanga na matope. Tena kujifuta kwa taulo mara utokapo majini kwafaa kidogo, si kinga ya kutegemewa. Kwa hiyo hakuna mahali pa ziwa hili ambapo twaweza kumwambia mzazi, "Ingia, hapana kichocho." Twaweza kumwambia tu: chagua saa, chagua mahali, usikae muda mrefu, kisha ukapime.

Dawa yake ipo, yaitwa prazikwanteli, humezwa mara moja kwa kadiri ya uzito wa mtu, na watoto wengi wa shule za kanda ya ziwa wameipata shuleni. Lakini dawa hii huua minyoo waliokomaa. Walio wachanga huwaacha. Kwa sababu hiyo haifai kuimeza siku utokayo majini na kudhani umekwisha kupona. Hungojwa wiki sita mpaka nane, ndipo mtu hupimwa choo na kutibiwa. Tuliwaandikia wazazi tarehe hiyo katika daftari kabla hata mtoto mmoja hajalowa. Na choo cha safari kilikuwa kile cha mwalo, hatua mia mbili kutoka ufukoni, na hapana aliyeruhusiwa kwenda nyuma ya jiwe.

Wengine watauliza juu ya mahali pengine. Ukerewe pana fuko za mchanga mzuri, na safari ya kivuko mpaka Nansio ni furaha kwa watoto. Lakini kanuni ni zile zile, sahani na upondo na mzee wa mwalo. Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, ni kisiwa cha misitu, ndege na sokwe. Wasokwe wale waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969. Huko mamba ni wengi, basi mpeleke mtoto akatazame na umshike mkono mbali na maji. Gharama nazo si ndogo.

Safari yetu ya Igombe haikuwa ya gharama. Tulilipa gari, majaketi, na zawadi ya mzee, ambaye alikataa fedha mwanzoni, kisha akakubali sukari na majani ya chai. Saa nne kasorobo tulipiga filimbi, watoto wakatoka majini wakinung'unika, wakahesabiwa kumi na mmoja, wakahesabiwa tena. Mzee aling'oa mti wake wa kitambaa chekundu akautia begani, akasema mwakani lisogezwe, kwa kuwa ziwa halitakuwa hapo lilipo.

Tarehe ya kupimwa ni katikati ya mwezi wa nane, na nyumba zote tatu zimeandikwa. Sahani ya bati iko kwa yule mama wa darasa la pili. Aliomba abaki nayo. Juzi alituma mtoto kutuuliza miwani ya majini huuzwa wapi, na kama iko ya mtu mzima.